Anakwenda kazini, anachekesha watu, anachanga: anaweza kuwa na sonona?

"Daktari, naomba ushauri kuhusu dada yangu mkubwa. Ana miaka 41, ni muuguzi Dar es Salaam, mimi niko Morogoro. Tangu mama afariki mwaka juzi yeye ndiye kila kitu: ada za watoto wa kaka, michango, misiba, na ndiye mweka hazina wa familia. Hajakosa zamu hata moja. Kwenye grupu la WhatsApp ndiye anayetuchekesha. Lakini Desemba nilikaa kwake wiki mbili nikaona mambo. Akirudi kazini anakaa kitandani na sare, viatu miguuni, saa nzima bila kuwasha taa. Saa tisa usiku ameamka, anapiga pasi. Kwaya ameacha, anasema sauti imekauka. Ametibiwa vidonda vya tumbo mara tatu. Nikimuuliza anasema ni uchovu tu. Mjomba anasema ni upungufu wa sala. Kaka anasema mwenye sonona hawezi kwenda kazini. Ni kweli? Siku naondoka alinionyesha faili lenye hati ya kiwanja na kadi za benki, akasema 'ujue tu vilipo.' Natamani kumuuliza moja kwa moja lakini naogopa nisije nikamtia mawazo mabaya."

Mdogo wangu, nianze na ulichokiweka mwishoni, yaani hilo faili. Watu wazima hupanga hati zao, na muuguzi aliyeshuhudia watu wakifa bila ndugu kujua hata benki waliyotumia anaweza kufanya hivyo kwa akili timamu kabisa. Lakini mtu ambaye usingizi wake umeharibika, ameacha alichokipenda, kisha anaanza kuonyesha ndugu vitu vilipo, huyo hasubiriwi mpaka Pasaka. Mpigie leo. Panga kufika Dar ndani ya wiki hii. Namna ya kumuuliza nitakuja nayo huko chini, ila kwa hofu yako nikujibu sasa hivi: kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo. Jambo hili limechunguzwa sana na watafiti. Anayeulizwa kwa upole ama hupata mlango wa kusema, ama hasemi, lakini hapandikizwi kitu ambacho hakikuwepo.

Sasa kaka yako. Sonona anayoijua yeye ni ya mtu aliyelala mchana kutwa kajifunika gubigubi, hajaoga, haongei na mtu. Hiyo ipo, na ni ile iliyokwisha kufika mbali. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani hauanzi kwa kuuliza kama mtu anakwenda kazini. Unauliza kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, mtu amekuwa na huzuni au amepoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyafurahia, na kama hilo limeandamana na mengine: usingizi kuharibika, chakula kutopita au kula kupita kiasi, kuishiwa nguvu, akili kutotulia, kujilaumu, kukata tamaa, mwili kuwa mzito au kukosa utulivu, mawazo ya kifo. Ukali wake ndio unaopimwa baadaye: nyepesi, ya wastani, kali. Mwenye sonona nyepesi, na mara nyingi hata ya wastani, anaendelea na kazi kwa kujikongoja. Ipo pia inayokaa miaka miwili au zaidi, haipandi sana wala haiishi, na watu huidhani ni tabia: "yeye ndivyo alivyo, si mtu wa kuchangamka."

Mitandaoni utakuta watu wanaandika kuhusu "sonona ya kujificha" kana kwamba ni ugonjwa wa aina yake. Daktari hawezi kuuandika kwenye cheti, kwa sababu kwenye mwongozo wa sasa haumo kama ugonjwa wa peke yake. Ni sonona ileile, imempata mtu mwenye sababu nyingi za kutoanguka.

Kwa nini basi wodi haijamkosa lakini kwaya imemkosa? Hapa nitakaa kidogo, maana ukielewa hili utaelewa mengine yote. Kila jambo tunalotaka kulifanya, ubongo hulipima: litanila nguvu kiasi gani, na nitapata nini. Katika sonona kipimo hicho huvurugika. Nguvu inayohitajika inaonekana kubwa kuliko ilivyo, na kinachopatikana hakina ladha. Yanayobaki yamesimama ni yale yanayosukumwa kutoka nje: ratiba ya zamu ukutani, msimamizi wa wodi, mgonjwa anayeita, mshahara, ada inayosubiriwa Januari. Yanabaki pia yale ambayo mikono imeyazoea. Muuguzi mzoefu anatafuta mshipa wa mgonjwa bila kuhitaji kuwa na hamu ya kufanya hivyo. Kuimba kunahitaji hamu. Kumpigia rafiki bila sababu kunahitaji hamu, na kwenda kwa fundi kushona gauni la sikukuu pia. Haya ndiyo huanguka kwanza, na kwa kuwa hakuna anayeyadai, hakuna anayegundua yameanguka.

Ni kama mwenye duka anayekula mtaji. Anafungua saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, rafu zimepangwa bidhaa mstari wa mbele, wateja wanahudumiwa na wanatoka wameridhika. Anayejua kuna nini nyuma ya ule mstari ni yeye peke yake.

Kwa hiyo ukitaka kumjua mtu wa namna hii, usihesabu anayoyafanya. Angalia yanamgharimu nini, na ameacha nini. Ile saa nzima kitandani na viatu miguuni ndiyo bei ya zamu moja. Angalia mambo madogo yanamchukua muda gani: mtu aliyekuwa akioga na kuvaa kwa dakika ishirini sasa anahitaji saa nzima. Angalia siku za mapumziko, maana wengi wa aina hii huporomoka likizo, pale ambapo hakuna kengele wala ratiba. Wengine huliona hilo wenyewe na kuanza kuomba zamu za ziada, na sisi tunawasifu kwa uchapakazi. Angalia kama anajitibu kama anavyotibu wengine, maana si ajabu kumkuta muuguzi anayesimamia dawa za wodi nzima ameacha vidonge vyake mwenyewe vya presha. Na angalia maongezi. Ukimuuliza habari zake, baada ya sentensi mbili mnaongea habari zako wewe, na hujui mmefikaje huko.

Kuhusu vichekesho vya WhatsApp, visikupe uhakika wowote. Wapo wenye sonona ambao hali yao hupanda kwa muda kikitokea cha kufurahisha, wanacheka kweli kabisa, kisha inashuka tena wakibaki peke yao. Kicheko hicho si cha kuigiza, na kwa sababu hiyo hata wao wenyewe husema, "Mbona nacheka, sina tatizo." Halafu kichekesho huandikwa kwa nusu dakika, mtu akiwa amelala gizani. Tazama saa za ujumbe wake kabla ya kutazama maneno.

Saa tisa usiku ni dalili niliyoipa uzito. Kuamka saa mbili au zaidi kabla ya wakati wako wa kawaida na kushindwa kurudi usingizini ni jambo linalojulikana sana katika sonona, na mara nyingi huenda pamoja na asubuhi nzito inayopungua uzito kadiri siku inavyosogea. Ndugu wanaompigia jioni wanampata katika saa zake nzuri. Wewe ulilala kwake, ndiyo maana umeona. Hata hivyo dada yako anafanya kazi za zamu, na zamu za usiku zinaharibu usingizi wa mtu yeyote, kwa hiyo jaribu kukumbuka: usiku huo wa kupiga pasi ulikuwa baada ya zamu, au hata siku za mapumziko ilikuwa hivyo?

Tumbo nalo. Kwetu huku sonona mara nyingi haiingii hospitali kwa jina la huzuni. Inaingia kama kichwa kinachowaka moto, mgongo, moyo kwenda mbio, mwili kuchoka, tumbo kuungua. Mtu anapimwa malaria, anapimwa taifodi, anapewa dawa za vidonda, anapata nafuu wiki mbili, anarudi. Muulize dada yako swali moja: hivyo vidonda vilipimwa au alipewa dawa tu? Kama alipimwa vikaonekana, vitibiwe mpaka viishe, maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kama ni mara tatu za dawa bila kipimo, hapo pana la kufuatilia.

Nisikusukume upande mmoja tu. Kwa barua siwezi kusema dada yako ana sonona, na daktari yeyote anayesema anaweza, mkwepe. Mwanamke wa miaka 41 aliyechoka namna hiyo anahitaji kupimwa wingi wa damu, hasa kama hedhi yake ni nzito, na pia tezi ya shingo na sukari. Kuna watu wamebeba jina la sonona kumbe ni upungufu wa damu wa muda mrefu. Kuna na msiba wa mama. Aliyesimamia mazishi, chakula na wageni mara nyingi ndiye hakulia, na kilio kilichoahirishwa huja baadaye. Na kuna uchovu wa kweli wa kazi, ambao mtu akipata mapumziko ya kutosha na mzigo ukapungua, hamu inarudi. Ukiniuliza ninaegemea wapi, kwa kwaya, saa tisa usiku, na faili, ninaegemea sonona kiasi cha kutaka aonwe na mtu ana kwa ana, upesi.

Mjomba sitabishana naye kuhusu sala. Ninawaona wachungaji na mashehe ambao wenyewe wanatibiwa sonona, na imani yao haina tatizo. Ubaya wa kumwambia mgonjwa huyu kuwa hajaomba vya kutosha ni kwamba atakubali. Kujilaumu tayari ni sehemu ya ugonjwa wake, sasa mmemwongezea hoja. Aendelee na sala zake, na aende kliniki. Kama kuna kiongozi wa dini anayemwamini na anayejua kutunza siri, huyo anaweza kuwa msaada mkubwa katika kumshawishi.

Tuje kwenye kumuuliza. Kwanza, msiitishe kikao cha familia. Najua ndivyo tunavyofanya, lakini mbele ya kikao dada mkubwa atajitetea, atawachekesha, atamaliza kwa kugawa majukumu ya mwezi ujao. Nenda peke yako. Msikae mkitazamana kama mahakamani. Mkiwa mnachambua mchicha au mnakunja nguo, macho yakiwa kwenye kazi, maneno hutoka kwa urahisi zaidi. Usimuulize "uko sawa?", kwa sababu salamu zetu zimetufundisha sote kujibu nzuri hata nyumba ikiwa inaungua. Mwambie ulichokiona. "Dada, Desemba nilikuona ukikaa gizani na viatu. Nilikuona saa tisa ukipiga pasi. Na kwaya uliipenda kuliko sisi sote. Sijaja kukusema, nimekuja kwa sababu ninaogopa." Halafu nyamaza. Huo ukimya utakuwa mrefu, usiujaze.

Akijibu ni uchovu tu, usibishe. Mwambie, "Sawa. Huo uchovu ukikuzidi, kuna wakati unaona heri usingekuwepo?" Kama jibu linaelekea ndiyo, au linazungukazunguka, songa mbele kwa maneno yasiyofichwa: "Umefikiria kujiua? Umefikiria namna? Umepanga lini?" Muulize na faili pia, bila kuzunguka: "Uliponionyesha zile hati, ulikuwa unawaza nini?" Usishtuke usoni ukisikia usilotaka, usianze kumtajia watoto na Mungu, na usimwahidi kuwa hutamwambia mtu. Ahadi hiyo hutaweza kuitimiza.

Ikiwa ana nia au mpango, hiyo ni dharura kama kifua kinachobana. Haachwi peke yake hata kwenda kuoga kwa muda mrefu. Dawa zote za nyumbani na sumu za wadudu na panya ziondoke mahali anapofikia, na kwa muuguzi hili lina uzito zaidi kwa sababu anazijua dawa na anazipata. Mpelekeni idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, usiku au mchana, na mseme wazi mlichokisikia. Msiwaambie wahudumu kwamba "amechoka tu".

Kama hana nia hiyo, bado aonwe, ndani ya siku chache. Watu wakisikia afya ya akili, mawazo yanakimbilia Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Dada yako hana haja ya kwenda Dodoma. Hospitali za rufaa za mkoa zina huduma ya afya ya akili, Muhimbili ina idara yake, na daktari wa kawaida anaweza kuanza kumtathmini na kumpima yale ya damu na tezi niliyoyataja. Kitu kimoja kinachowazuia wahudumu wa afya ni kuogopa kukutana na wenzao kwenye foleni. Aende kituo kingine, si anapofanyia kazi. Huko huenda akapewa dodoso la maswali tisa, PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili na alama zake ni 0 hadi 27. Alama 10 na kuendelea humfanya daktari achunguze zaidi. Ni chujio tu, hukumu haitoki hapo, na mtu aliyezoea kuficha anaweza kuweka sifuri kila mahali. Ndiyo maana nakushauri uandamane naye, ukiwa umeandika kwenye karatasi ulichokiona na tarehe zake.

Matibabu yako ya namna mbili kuu, na mara nyingi huenda pamoja. Kuna tiba ya mazungumzo, ambayo ni tofauti na nasaha za shangazi. Ina mpango, ina vipindi, na mgonjwa hupewa kazi za kufanya katikati. Wasomi wengine husema ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa vijijini Rakai na Masaka, Uganda: watu wenye sonona walikutana katika vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, wala si madaktari, na walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wasiopata vikundi hivyo. Kwa sonona nyepesi tiba hii peke yake inaweza kutosha.

Kwa ya wastani na kali, dawa huongezwa. Zinazotumika sana, kama fluoksetini, huanza kuonyesha kazi baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita, na kero zake kama kichefuchefu huja kabla ya faida. Wengi huacha hapo, katikati ya kero, wakasema dawa haikuwafaa. Hazileti uteja kama diazepamu, ile dawa ya kutuliza, ila haziachwi ghafla, na huendelea kwa angalau miezi sita baada ya mtu kujisikia mzima. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona inayopatikana sehemu nyingi, inasaidia lakini ni hatari ikizidishwa, kwa hiyo mwenye mawazo ya kifo hapewi akiba kubwa mkononi. Ndugu ndiye anayeishika. Kabla ya dawa yoyote daktari atauliza kama aliwahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kutolala na kutumia fedha ovyo, maana hapo matibabu hubadilika. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia duka la dawa nakukataza moja kwa moja.

Ninyi mnaomtegemea pia mna kazi. Msimwambie apumzike. Mtu kama huyu akiambiwa apumzike anasikia kwamba hafai tena. Na kazi msimwondolee yote, kwa sababu kwa sasa ndiyo inayomwamsha. Mwondoleeni kitu kimoja kimoja, kwa jina. "Kuanzia mwezi huu shule ya mtoto wa kaka itanipigia mimi." "Hazina ya familia nitaishika mimi mpaka Juni, nitumie daftari." Kaka alipe ada ya watoto wake, hata nusu. Samahani kwa kuingilia ya nyumbani kwenu, lakini ukisoma barua yako tena utaona watu wazima watatu na mbebaji mmoja.

Akikataa kwenda hospitali, na huenda atakataa mara ya kwanza kwa kukwambia yeye si kichaa, usigombane. Muombe akubali jambo dogo: vipimo vya damu kwa sababu ya uchovu. Hilo muuguzi halikatai, na daktari mzuri atamuuliza mengine akiwa hapo. Panga siku kabisa, mkiwa wote wawili mmeshika simu, muandike tarehe. Jioni ya siku hiyo mpigie, halafu mpigie tena asubuhi ya kesho yake kabla hajaingia zamu, maana asubuhi ndiyo utasikia hali yake ilivyo.